Simu Mbovu na Desturi ya Kutengenezesha Bila Hati

Twapenda kuleta mbele yenu jambo ambalo kila mmoja wetu hulilalamikia barazani, lakini hapana aliyepata kulileta katika mkutano. Jambo lenyewe ni simu zetu za mkononi na kompyuta zetu, namna zinavyoharibika kabla ya wakati wake, na namna tunavyohangaika kuzitengenezesha. Hapana shaka wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, na kwamba kurasa za Chama zingefaa kuwekewa habari za vyeo, mishahara na likizo. Twawaomba wasome mpaka mwisho, kisha watoe hukumu yao.

Maoni yetu twayatanguliza mapema ili msomaji ajue tunakokwenda. Sisi makarani twaishi kwa maandishi. Hatupokei barua bila kuitia katika daftari, wala hatutoi hata sanduku la chaki ghalani bila saini. Lakini chombo kilicho ghali kuliko vyote tulivyo navyo, tena chenye siri zetu na siri za kazi, twamkabidhi mtu kwa maneno matupu, twaondoka na ahadi ya “njoo kesho.” Wahenga walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Neno hili twalijua, na kazini twalifuata kila siku. Twauliza kwa nini twaliacha mlangoni kwa fundi.

Simu imekuwa kalamu ya karani

Zamani karani alipoingia kazini alipewa na ofisi kalamu, wino, karatasi, na mashine ya kupigia chapa. Mashine ikikwama, haikuwa juu yake kutafuta fundi wala kulipa ujira wake. Ilikuwa mali ya ofisi, na ofisi ndiyo iliyoitazama. Siku hizi mambo yamegeuka. Wito wa mkutano huja kwa simu. Rasimu ya barua hutumwa kwa simu usiku ili isomwe na mkubwa kabla ya alfajiri. Hati hupigwa picha kwa simu ya karani na kupelekwa idara nyingine kwa simu hiyo hiyo. Mshahara ukiingia benki, habari yake huja kwa simu, na fedha za mzee aliye shamba na za mtoto aliye skuli hupita humo humo. Na simu hiyo karani ameinunua kwa fedha yake, huitia chaji kwa umeme wa nyumbani kwake, na ikifa huizika mwenyewe.

Mwenzetu mmoja wa hapa Tunguu, ambaye jina lake hatulitaji, simu yake ilikaa kwa fundi siku nne. Katika siku hizo uliitwa mkutano wa ghafla kazini kwake, na wito ulitolewa kwa simu tu. Hakuupata. Aliporudi kazini alikuta barua ya kumtaka ajieleze kwa nini hakuhudhuria. Siku hizo hizo kijana wake aliye Pemba alikuwa akingoja nauli, naye alikopa kwa rafiki. Siku ya tano simu ikarudi, kioo kikiwaka vizuri lakini sauti haitoki. Alipouliza, aliambiwa kwamba ubovu wa sauti alikuja nao. Je, angejibu nini? Hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha ilikuwaje siku alipoipeleka. Alilipa mara ya pili, akanyamaza.

Hasara ya namna hii haionekani katika hesabu za mtu yeyote ila huyo aliyeilipa. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa Serikali ya Zanzibar kilipandishwa kutoka shilingi 300,000 hadi shilingi 347,000, na kila mwenye akili alishukuru. Lakini kioo kimoja cha simu kikivunjika chaweza kuimeza nyongeza ya mwezi mzima, na kikiwekwa kioo kibaya, mwezi wa pili nao huliwa. Kwa hiyo anayesema kwamba simu mbovu si habari ya mshahara, hajapiga hesabu.

Kwa nini vyombo vyetu hufa upesi

Kabla ya kulaumu mtu yeyote, yatupasa kuzijua sababu. Ya kwanza ni umeme. Unguja hupata umeme wake kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, na waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980. Wengi wetu twakumbuka jinsi kisiwa kizima kilivyokaa gizani karibu mwezi mmoja tangu Mei 2008, na jinsi giza lilivyorudi Disemba 2009 likadumu hadi Machi 2010. Wakati huo kila mwenye uwezo alinunua jenereta, na vyombo vingi viliungua kwa sababu ya umeme usio sawa wa mashine hizo ndogo. Mwaka 2013 ulianza kutumika waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, uliowekwa kwa msaada wa Marekani, na giza la miezi halikurudi tena. Hata hivyo umeme wa kukatika na kurudi ghafla hatujaagana nao. Chombo chetu kimeundwa kwa volti 230 hivi. Umeme ukirudi kwa kishindo, kinachopokea pigo la kwanza ni chaja, na chaja ikiwa dhaifu, pigo hufika mpaka kwenye bodi.

Sababu ya pili ni hewa yetu. Sisi ni watu wa kisiwani, na hewa ya bahari ina unyevu na chumvi. Chumvi hula shaba na bati taratibu, na katika simu kuna viungo vya madini vyembamba kuliko unywele. Anayekaa karibu na pwani huona kutu katika bawaba za milango yake. Kutu hiyo hiyo imo ndani ya tundu la chaji, ila haionekani. Masika yakiingia, jambo huzidi.

Sababu ya tatu ni joto na umri wa betri. Betri za simu na kompyuta ndogo ni za lithiamu, na kila ijazwapo na kutumiwa huchoka kidogo, mpaka baada ya kujazwa mara mia kadhaa nguvu zake hupungua dhahiri. Joto huharakisha uzee huo. Anayeacha simu juani katika gari, au anayeitia chaji usiku kucha ikiwa chini ya mto, aizeesha betri kwa mkono wake. Na betri iliyovimba hadi kuinua kifuniko si ya kuchezewa, kwani yaweza kushika moto. Iondolewe na fundi, wala isitobolewe na watoto.

Sababu ya nne ni vyombo bandia. “Rahisi huvunja upishi,” na chaja rahisi huvunja simu. Ndani ya chaja nzuri mna vipande vinavyoutenga umeme mkali wa ukutani na umeme mdogo uingiao katika simu. Mtengenezaji wa chaja bandia hupunguza vipande hivyo ili apunguze bei. Kwa nje zote mbili ni nyeupe na zina jina moja. Hali ni hiyo hiyo kwa simu zenyewe. Kenya ilizima simu bandia katika mitandao yake mwishoni mwa Septemba 2012, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ikafanya vivyo hivyo tarehe 16 Juni 2016. Siku hiyo watu wengi walioamini kwamba wamenunua simu halisi waliamka wakiwa na kipande cha plastiki. Ndipo wengi walipojua kwamba kila simu ina namba yake ya tarakimu 15, ambayo huonekana kwa kubonyeza *#06#. Namba hiyo tutairudia huko mbele, kwa kuwa ina faida nyingine kwetu.

Tena lipo jambo la mchele. Simu ikiloa, wengi wetu huizika ndani ya mchele na kungoja kudura. Mchele hauwezi kuvuta maji yaliyokwisha kuingia chini ya bodi, na unga wake huziba matundu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 hata kampuni ya Apple iliwaonya wenye simu zake waache desturi hiyo. Lifaalo ni kuizima simu upesi, kutoitia chaji kabisa, na kuifikisha kwa fundi siku ile ile, aifungue na kuisafisha kwa spiriti safi. Ikiwa ni maji ya bahari, kila saa inayopita ni chumvi inayokula.

Neno la haki juu ya mafundi

Barazani kwetu fundi hana wakili. Kila aliyepata hasara humwita mwizi, na kisa kimoja hutosha kuhukumu mtaa mzima. Hatukubaliani na hukumu hiyo. Mafundi waovu wapo, kama walivyo makarani waovu, nasi hatupendi kuhukumiwa kwa ajili yao. Lakini mtazameni fundi wa kweli, aliyekaa kibandani kwake Darajani au Mlandege, jicho kwenye hadubini, akiunganisha uzi wa shaba usioonekana kwa macho matupu. Mara nyingi elimu hiyo hakupewa na chuo chochote. Aliipata kwa kukaa miaka pembeni mwa fundi mwenzake. Mchoro wa bodi haupati kwa mwenye kiwanda, na spea haipati kwa mwenye kiwanda. Hununua spea zilizosafiri mbali na kupita mikono mingi, naye hana njia ya kujua iliyo njema mpaka aifunge na kuiwasha.

Tena wenye viwanda wenyewe wamemfungia mlango. Simu za zamani kidogo zilikuwa na kifuniko cha nyuma kinachofunguka kwa ukucha, na betri ilibadilishwa na mtoto wa skuli. Siku hizi betri imegandishwa kwa gundi, na kioo chavunjika wakati wa kukifungua. Katika simu nyingine bodi huitambua kwa namba betri au kioo kilichotoka nacho kiwandani, na kikiwekwa kingine, hata kiwe kizima, hukataa baadhi ya kazi au hutoa maneno ya onyo. Hapo mwenye simu humshuku fundi, na kosa si lake.

Jambo hili limewachosha hata watu wa nchi tajiri. Tarehe 1 Januari 2021 Ufaransa ilianza kutaka baadhi ya vyombo, simu zikiwamo, viuzwe vikiwa na alama hadi 10 kuonyesha ni vyepesi kiasi gani kutengenezwa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya haki ya kutengenezesha. Tena tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa katika soko lake yazipasa ziwe na betri zinazobakiza walau asilimia 80 ya nguvu baada ya kujazwa mara 800, na spea zake zipatikane kwa miaka 7 baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa. Sheria hizo hazivuki bahari kuja kutulinda sisi. Lakini zatuonyesha kwamba malalamiko yetu si ya watu wasiojua kutunza vitu. Aliye Paris na aliye Tunguu wamelalamika jambo moja, ila wa Paris waliandika, wakapeleka, wakasikilizwa.

Wako wasemao, “Ya nini taabu yote hii? Simu ikifa, nunua mpya.” Ushauri huo ni wa mwenye fedha. Na hata mwenye fedha yampasa afikiri vitakwenda wapi vilivyotupwa. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilisema kwamba mwaka 2022 ulimwengu ulizalisha kilo bilioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na kwamba sehemu iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo haikufika robo. Kisiwa ni mahali padogo. Risasi na madini mengine yaliyomo katika bodi yakitupwa katika shimo la taka, maji ya mvua huyashukisha chini, na sisi twanywa maji ya visima.

Hatari iliyo kubwa kuliko hasara ya fedha

Hadi hapa tumenena juu ya fedha na muda. Sasa twataja jambo zito zaidi. Mtu apelekapo saa au redio kwa fundi, apeleka mashine. Apelekapo simu, apeleka mashine pamoja na picha za watoto wake, maneno ya mkewe au mumewe, njia ya kufikia fedha zake, na, kwa upande wetu sisi, barua za ofisi ambazo hazijatangazwa. Tena fundi humwomba neno la siri ili ajaribu kama kazi imekaa sawa, na mwenye simu hulitaja kwa sauti mbele ya wateja wengine watatu.

Mwezi wa Januari 2008 huko Hong Kong, picha za siri za mwigizaji mmoja mashuhuri zilitawanywa ulimwenguni. Ilibainika kwamba zilitoka katika kompyuta yake aliyoipeleka kutengenezwa, na mwaka 2009 fundi mmoja alihukumiwa kwa kosa la kuziingilia bila haki. Yule alikuwa mtu mwenye mali na mawakili, na hata hivyo aibu haikurudishika. Mwanamke karani wa Unguja, katika jamii yetu inayothamini sitara, angekuwa na nani wa kumtetea? Twajua wapo kina dada ambao simu zao mbovu zimelala kabatini, hawathubutu kuzipeleka popote. Wameona ni afadhali hasara kuliko aibu, nasi hatuwezi kuwalaumu.

Na karani mwenye hati za ofisi katika simu yake ana mzigo mwingine juu ya huo. Hati ikivuja, hataulizwa fundi, ataulizwa yeye. Ataulizwa nani alikuwa nayo simu siku hiyo, tangu saa ngapi hadi saa ngapi. Akijibu kwa maneno matupu, atakuwa amekwisha kushindwa.

Mapendekezo yetu

Kwa sababu hizo twatoa mapendekezo manne, nayo twaomba yajadiliwe katika mkutano ujao wa tawi letu la Tunguu.

La kwanza, Chama kitoe hati ya kupokelea chombo, ya ukurasa mmoja, nakala mbili, moja ibaki kwa fundi na moja kwa mwanachama. Hati hiyo iandikwe: jina la mwenye chombo na la fundi, tarehe na saa ya kukabidhi, aina ya chombo pamoja na namba yake ya tarakimu 15, ili simu iliyorudi ithibitike kuwa ndiyo iliyokwenda, hali yake wakati wa kupokelewa, yaani kioo, sauti, kamera, tundu la chaji na vitufe, kimoja kimoja, ubovu uliolalamikiwa, bei iliyokadiriwa, na sharti kwamba isipite bila mwenye chombo kuulizwa, spea itakayowekwa, kama ni ya asili, ni nakala, au imetolewa katika simu nyingine, siku ya kurudisha, na muda wa dhamana. Mwishoni pawe na mistari miwili: spea kuukuu irudishwe kwa mwenyewe, na kama neno la siri limetolewa au halikutolewa.

Hati hii si ya kumtia fundi pingu. Yamlinda naye pia, kwa kuwa wako wateja wanaoleta simu iliyokwisha kuzama baharini, kisha hudai kwamba iliharibikia kibandani. Fundi mwaminifu ataipenda. Asiyeitaka atakuwa ametueleza jambo la maana kabla hatujampa kitu. Na ikitokea ugomvi, Zanzibar tunayo sheria ya mwaka 2018 ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, na tunayo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ya kupelekewa malalamiko. Lakini mlalamikaji asiye na karatasi ni mgumu kusaidiwa, hata na mwenye nia njema.

La pili, tawi liweke daftari la mafundi. Kila mwanachama aliyetengenezesha chombo aandike humo kwa ufupi: kazi gani, bei gani, siku ngapi, na kama chombo kilikuwa kingali kizima baada ya miezi mitatu. Yasiandikwe matusi wala uvumi. Yaandikwe yaliyo katika hati tu. Baada ya mwaka tutakuwa na maarifa ambayo sasa kila mmoja huyanunua peke yake kwa hasara yake. Kisha mafundi waliothibitika tuwaalike Tunguu siku moja kila mwezi, Jumamosi baada ya mshahara. Hapa pana Ofisi ya Mkuu wa Mkoa wa Kusini, pana Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Chuo Kikuu cha Zanzibar, na watumishi na wanafunzi wenye simu ni wengi mno. Hata hivyo kazi za vioo na bodi mara nyingi hupelekwa mjini, kwa nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na nauli ya “njoo kesho.” Fundi akijua kwamba atapata kazi ishirini kwa siku moja, atakuja. Wanafunzi wa vyuo na wa Mafunzo ya Amali nao wapewe nafasi ya kukaa pembeni yake na kujifunza mbele ya watu.

La tatu, Chama kiwaandikie wakubwa wa kazi, kwa heshima na kwa hoja. Tusiombe simu mpya kwa kila karani, kwa maana twajua jibu lake. Tuombe mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. Wito wa mkutano ubandikwe pia ubaoni na kutiwa katika daftari. Mtumishi ambaye simu yake iko kwa fundi, na ana hati ya kuthibitisha, asiadhibiwe kwa kutopata habari iliyoletwa kwa simu tu. Na hati za siri za ofisi zitumwe kwa vyombo vya ofisi, zisipitie mifukoni mwetu. Wakubwa wataona kwamba ombi hili la mwisho lawalinda wao kuliko linavyotulinda sisi.

La nne ni juu yetu wenyewe. Tununue chaja njema moja badala ya mbovu nne. Umeme ukikatika, tung’oe chaja ukutani na kungoja utulie unaporudi. Tuweke nakala ya picha na maandishi yetu mahali pengine kabla simu haijafa, na kabla ya kumpa fundi tutoe laini na kadi ya kumbukumbu, na kufuta au kufunga yasiyomhusu. Kazi ikiisha, tubadilishe neno la siri siku hiyo hiyo. Mambo haya hayahitaji kikao wala kamati.

Mwisho

Wako watakaosema kwamba Chama cha watumishi hakikuundwa kwa ajili ya vioo vya simu. Twawakumbusha habari ya zamani. Mwaka 1922 makarani wa Tanga, wakiongozwa na Martin Kayamba, ambaye alizaliwa hapa Mbweni mwaka 1891, waliunda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Hawakuwa na mali wala nguvu. Walikuwa na uwezo wa kusoma, kuandika, na kukutana, nao waliutumia kusaidiana katika haja zao za kila siku na kupeleka maneno yao kwa wakubwa kwa maandishi. Urithi wetu ni huo. Haja zilibadilika, lakini njia ni ile ile.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Karani mmoja akidai hati, fundi atamwona msumbufu. Makarani wote wa Tunguu wakidai, itakuwa ndiyo desturi ya kazi, na baada ya miaka michache vijana watashangaa kusikia kwamba palikuwa na wakati watu walipeana simu bila kuandikiana. Mfano wa hati umewekwa mezani kwa Katibu. Twaomba kila mwanachama ausome, aongeze au apunguze kwa kalamu, na aurudishe kabla ya mkutano. Na ambaye simu yake iko kwa fundi wakati huu, tena bila karatasi, twamshauri aende leo hii, kwa upole, akaiombe.